Kadi Chini ya Sahani

Kadi mpya zilikuja chini ya sahani, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, zinanuka moshi. Celia alijikalisha nazo barazani, kalamu nyekundu mkononi na kipande cha muhogo wa kuchemsha pembeni, akawa tayari kuchinja. Ndivyo wenzake wa Ufukoni, mtaani kwao Mtwara mjini, walivyoiita kazi yake: Dercio huchora, Frank huchapa, Celia huchinja.

Mchezo waliubuni wenyewe watatu, wakauita Milki ya Mto. Wachezaji ni wawili, kila mmoja na fungu lake la kadi za majoka, mizimu, wachawi na mashujaa. Kuishusha kadi uwanjani unalipa kwa chumvi, maana Frank alikulia jirani na mashamba ya chumvi na hakuna aliyembishia. Na kila kadi imeandikwa bei yake, nguvu zake, uhai wake, na maneno machache chini yanayosema inaweza kufanya nini. Toleo la kwanza lilipendwa na vijana wa Mtwara mjini kuliko walivyotegemea, na sasa walikuwa wanaandaa la pili. Kabla Frank hajagusa mashine yake, kila kadi ilipaswa kupita kwa Celia, aicheze, aipime, aseme kama ni nzito mno, nyepesi mno, au imekuja kujaza nafasi tu. Hakuwa na huruma. Joka la kwanza alilochora Dercio, mdogo wake wa tumbo moja, alilirudisha na maneno mawili: "Bata huyu."

Safari hii kazi ilimfuata Mahurunga, kijijini kwa wajomba zake, kwa sababu mwanawe Silvio alikuwa jandoni. Celia angependa hospitali, kama wafanyavyo wengi siku hizi: asubuhi mtoto anatahiriwa, mchana anakula wali kwao. Lakini Mjomba Bernardo alisema mtoto wa ukoo wake hawezi kuwa mwanamume kwa risiti, na kwa Wamakonde mtoto ni wa ujombani, basi maneno yakaishia hapo. Baba wa mtoto hakuulizwa. Alishajiendea zake Pemba zamani, hata salamu hatumi.

Kumbi, kambi ya jando, ilikuwa msituni, upande wa mto. Njiani wameweka fimbo iliyomenywa gome, imelala kutoka kichaka hadi kichaka, na mwanamke haivuki fimbo hiyo hata msitu ukiwaka moto. Kina mama walipika, wakapeleka sahani mpaka kwenye fimbo, wakaziweka chini na kurudi. Walezi wa wari, yaani wa watoto walioingia jando, walizichukua, kisha wakazirudisha tupu. Dercio alikuwa mmoja wa walezi hao, mlezi wa Silvio, na alikwenda kumbini na rangi zake na maboksi ya kukata kadi. Mjomba Bernardo, ambaye ndiye mkuu wa kumbi, alizikagua kadi zake moja moja, akaona mamba wenye vilemba na mizimu yenye miwani, akacheka mpaka akakohoa, akasema karata za mjini hazina madhara, mruhusuni. Ndipo kadi zikaanza kuja kijijini chini ya sahani ya Celia, ile ya bati yenye ukingo wa bluu, na kurudi kumbini na hukumu zake zimeandikwa mgongoni.

Basi siku hiyo alianza na Mamba Mpiga Ramli. Bei chumvi tatu, nguvu tano, na juu ya hayo anachungulia kadi za mwenzako. Celia akaguna. Aliandika: "Nzito mno. Huyu anaua mchezo watu hawajakaa. Bei ipande au ramli aiache." Akaja Bibi wa Mikoko, asiyepigana ila kila adui anayemkaribia ananasa topeni. "Nzuri, usiiguse." Akaja Kiboko Mwenye Deni. "Sura nzuri, akili hana. Kama Frank." Alicheka peke yake, akachukua kadi ya mwisho.

Iliitwa Mwari wa Kovu. Mtoto amelala juu ya majani, kichwa kimenyolewa, na juu ya jicho la kushoto ana kovu lililopinda kama ndoana. Bei chumvi nyingi. Nguvu hana. Uhai mbili. Na chini, kwa mwandiko mdogo wa Dercio: "Kila zamu ikipita, kadi hii hupoteza uhai. Haishambulii. Haili."

Celia aliacha kutafuna. Silvio alikuwa na kovu lile lile, jicho lile lile, tangu alipoangukia pedeli ya baiskeli. Na katika Milki ya Mto hakuna kadi inayokula. Majoka hayali, wachawi hawali, hakuna aliyewahi kuandika neno hilo kwenye kadi yoyote. Dercio alikuwa anamwambia kwamba mtoto anaumwa na hali chakula.

Aliogopa. Kalamu ikamponyoka, akaiacha pale pale chini.

Asiyekuwa wa huko atauliza kwa nini Dercio asiseme tu. Asingeweza. Walezi huapishwa wasitoe neno la wari kwa mwanamke, na Dercio, pamoja na umjini wake wote, alikuwa akiogopa kiapo kile kuliko polisi. Mama wa mwari haambiwi kitu. Mtoto akiumwa haambiwi. Mtoto akifa, sahani yake hurudishwa kwenye fimbo imelala kifudifudi, na mama akiiona hivyo anajua. Anaiokota, anarudi kwake, na halii mpaka siku ya kutoka wari, asije akawatia hofu watoto wa wenzake. Tangu Silvio aingie, Celia alikuwa akiikaribia fimbo ile kila mchana huku macho ameyafumba nusu.

Na palikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Mtoto akiwa kumbini, mama yake hali chumvi. Anapika ya wengine, yake anaila chapwa. Akiila chumvi, wazee wanasema, mwili wa mtoto unawaka. Na Celia aliila. Alikwenda Ufukoni kumpelekea Frank kadi zilizopita, njaa ikamshika stendi, akanunua chipsi, muuzaji akanyunyiza chumvi kwa mkono mpana, na yeye alikuwa ameshameza nusu ya sahani ndipo akakumbuka. Akamaliza iliyobaki. Alijiambia kwamba hayo ni mambo ya kizamani, na akajilamba vidole. Sasa akiwa barazani na kadi ile mapajani, hakuona tena kitu cha kizamani ndani yake.

Akaokota kalamu. Mjomba Bernardo alikuwa akisoma kila alichoandika, kwa hiyo ilibidi aandike kama mpimaji wa kadi na si kama mama. Aliandika: "Uhai huu ni mdogo mno. Mchezaji atampoteza kabla hajamtumia. Aongezewe haraka. Mpe kadi ya dawa." Herufi zikatoka za mtoto wa chekechea.

Kesho yake mchana kina mama walipofika kwenye fimbo sahani zilikuwa zimeshapangwa. Celia aliitafuta ya ukingo wa bluu. Ilikuwa imelala chali. Alishusha pumzi kwa sauti hata Hawa, jirani yake ambaye naye mwanawe alikuwa ndani, akageuka kumtazama. Chini ya sahani palikuwa na kadi mbili. Mwari wa Kovu alikuwa amerudi, na uhai umefutwa ukaandikwa upya: moja. Chini Dercio ameongeza: "Mwili wake ni moto. Anaongea na wasiokuwepo." Kadi ya pili ilikuwa Mganga wa Mizizi, mzee mwenye uso wa Mjomba Bernardo kabisa, na maneno yake yalikuwa: "Hutibu kila kitu ila alichokiharibu mama."

Celia hakuondoka na wenzake. Alibaki amesimama pale mpakani, akaita. "Hodi! Namwomba mkuu wa kumbi! Mjomba!"

Alikaa sana kabla mzee hajatokea, taratibu, mkongojo mkononi, akasimama upande wake wa fimbo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umepika?"

"Nimepika, mjomba. Lakini naomba kuuliza..."

"Mama wa mwari hajui kuuliza. Anajua kupika." Hakusema kwa ukali; alisema kama mtu anayemkumbusha mtoto kufunga mlango. "Nangu, mimi mwenyewe, niliingizwa humu mama yangu yuko ng'ambo ya mto. Hakujua kama ni mzima au nimeoza. Alipika tu. Nikatoka."

"Zamani hapakuwa na hospitali, mjomba."

"Na watu walikuwepo." Akamtazama usoni, akauliza polepole, "Celia. Ulikula chumvi?"

Celia alizikumbuka chipsi zile. Akisema ndiyo, dawa zote za kumbi zitasimama, maana kosa la mama halitibiwi kwa mizizi. "Hapana," akasema.

"Haya," mzee alisema. "Kama hukula, atapona."

Akageuka kwenda zake, na hakujua alichokidondosha. Atapona! Mzima haponi. Celia alirudi nyumbani miguu haijui inakanyaga wapi. Kwanza sasa alikuwa na hakika. Pili, kwa hesabu ya mjomba mwenyewe, mtoto asingepona, kwa kuwa yeye alikula, na sasa amesema uongo juu ya kula.

Aliandika nyuma ya kadi akiwa amesimama: "Kadi hii inakufa. Je, katika kanuni hakuna namna ya kumtoa uwanjani?" Akaikabidhi pamoja na chakula cha jioni.

Usiku ule tusiusimulie. Hakulala, na asubuhi alisonga ugali ukashika chini.

Mchana sahani ilikuwa chali tena. Chini yake palikuwa na kadi moja tu. Dercio alikuwa amechora sahani yenye ukingo wa bluu, imebanduka rangi pale pale ilipobanduka ya kweli, nayo imelala kifudifudi mbele ya fimbo iliyomenywa. Jina lake: Msiba Nyumbani. Bei yake: uhai wa mama. Na maneno yake, kwa mwandiko uliobanwa: "Sahani ikija kifudifudi kutoka nyumbani, mwari hutolewa saa hiyo hiyo akamwone maiti. Harudi mpaka yaishe maziko."

Celia aliijua kanuni hiyo. Kila mtu aliijua, kama unavyojua mlango wa nyuma ambao haufunguliwi. Mama akifa mtoto yumo kumbini, hakuna mtu atakayevuka kwenda kusema. Sahani yake inapelekwa kifudifudi, walezi wanaelewa, na mtoto anatolewa, hata awe mgonjwa wa kubebwa. Ni kanuni pekee inayomtoa mwari kabla ya siku yake.

Alikaa nayo barazani akaipima, maana kupima alikuwa amezoea hata roho ikiwa imemtoka. Unalipa nini? Unapata nini? Na aliyeicheza anabaki na nini mkononi? Katika toleo zima hakuwahi kuona kadi ya bei ile. Kijijini pale, mtu aliye hai hatangazi kifo chake. Bibi yake alikuwa akisema kifo ni kiziwi, hakisikii ukikiita mara moja, ndiyo maana watu wanalia msiba kwa sauti. Na ukikililia uongo, kikifika hakirudi mikono mitupu. Celia alitamani kuyacheka maneno hayo, kama alivyoicheka chumvi. Cheko halikutoka.

Akaandika mgongoni mwa kadi neno moja: "Nalipa." Kisha akaichana vipande vidogo vidogo, kwa sababu safari hii jibu lilikuwa sahani yenyewe.

Alianza na simu. Simu yake, kama simu zote za Mahurunga, ilikuwa na tabia ya kuvuka mto bila pasipoti. Ilimkaribisha Msumbiji mara mbili kabla haijakubali kumpigia Shafii, mwenye bajaji iliyokuwa ikileta soda dukani.

"Njoo usimame nyuma ya nyumba yangu. Usizime injini."

"Kuna mgonjwa, dada?"

"Kuna maiti," Celia alisema, na neno lile likamtoka kirahisi hata akaogopa.

Kisha akaenda kwa Hawa. Hawa alisikiliza mpaka mwisho, ushungi umeshuka mabegani, akawa anatikisa kichwa kabla hajaanza kusema.

"Astaghfirullah. Celia, hata mimi nina mtoto mle ndani. Mchuma janga hula na wa kwao. Hilo unalolichuma litaishia kwako?"

"Silvio ana uhai mmoja, Hawa."

"Umeambiwa na nani?"

"Kadi."

Hawa alimwangalia kama mtu anayemtafuta mwenzake aliyepotea ndani ya uso. "Kadi," akarudia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe mkuu umemdanganya mbele ya fimbo. Unataka nikusaidie nini?"

"Unililie. Bila kilio hawataamini. Kisha ukae mlangoni, useme naoshwa, asiingie mtu."

"Sitaki."

"Angekuwa wako?"

Hawa alijifunga kanga ya pili kiunoni, akatangulia kutoka, na machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka kabla ya kulia kwa uongo.

Celia alikwenda kwenye fimbo akiwa peke yake, jua la mchana likiwa bado kali, akainama akaiweka sahani ya ukingo wa bluu kifudifudi juu ya mchanga. Ilitoa mlio mdogo wa bati. Alirudi mbio. Aliingia chumbani, akajilaza kitandani, akajifunika kanga kuanzia miguuni mpaka kichwani, na nje Hawa akapiga yowe.

Msomaji, kama hujawahi kusikia unavyoliliwa, omba usisikie. Yowe la Hawa lilipanda juu ya bati, likajibiwa nyumba ya pili, na ya tatu, na wanawake wakaanza kuja mbio wakiita jina lake. "Celia! Jamani Celia! Asubuhi si tumemwona!" Walimtaja kwa wema ambao hawakuwahi kumwonyesha. Mmoja alisema alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Mwingine, aliyemnunia tangu Krismasi, alijitupa chini mlangoni. Hawa aliwazuia: "Anaoshwa! Anaoshwa!" Ndani ya kanga Celia alikuwa baridi. Alijigusa shavu, likawa baridi. Alisikiliza moyo wake, hakuusikia kwa ajili ya vilio, na kwa dakika ile aliamini kabisa kwamba amekufa, kwamba alichotangaza kimemsikia, na kwamba Silvio ataletwa kumwona maiti wa kweli. Alitaka kupiga kelele asiweze. Alijing'ata mkono mpaka akaonja damu. Ilikuwa na chumvi.

Ndipo akasikia miguu ya wanaume, na wanawake wakikimbia kujificha, kwa kuwa mwari haonekani na wanawake. Mlango ukafunguliwa. Mtu alihema kama aliyetoka mtoni kwa kukimbia, na kitu kikawekwa kitandani kando ya miguu yake. Celia akatoa mkono chini ya kanga, akashika mguu mdogo. Ulikuwa wa moto kama sufuria.

Akakaa.

Dercio, aliyembeba mtoto, alirudi nyuma akagonga ukuta. Alijua, yeye ndiye aliyeichora kadi, na bado alipiga kelele. Silvio alikuwa amefunikwa shuka jeupe, macho nusu wazi, midomo imepasuka, ananong'ona na watu ambao hawakuwemo. Mlangoni alisimama Mjomba Bernardo.

Nje bado walikuwa wanalia.

"Nipishe, mjomba," Celia alisema. "Nilikula chumvi. Nilikudanganya. Sasa nipishe."

Mzee hakusogea. "Mwari aliyetolewa kwa msiba harudi mpaka yaishe maziko," alisema kama anajisomea. "Kwa hiyo siwezi kumrudisha." Akamtazama Dercio, kisha Celia. "Ule mchoro wa sahani niliuona kabla yako, mpwa wangu. Ningetaka, ningeutia motoni. Lakini sheria haina macho. Sahani imekuja kifudifudi, kilio kimelia, mtoto ametoka. Mama wa mwari huyu amekufa. Nangu sitamfufua."

"Sawa, mjomba."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Nimekufa. Nipishe."

Akasogea.

Bajaji ya Shafii iliruka mashimo yote ya kutoka Mahurunga, ikakipita kijiji cha Ziwani bila kupunguza, Celia akiwa nyuma na mtoto kifuani, Dercio amening'inia pembeni. Njia nzima alikuwa anausikiliza mpumuo ule mfupi, na kila ulipochelewa naye aliacha kupumua. Hospitalini walimpima damu, wakamtundikia dripu, wakasema ni malaria iliyopanda kichwani, wakaongeza kwamba wangechelewa kidogo maneno yangekuwa mengine. Celia alikaa chini ya kitanda cha mtoto siku baada ya siku, akiogopa kulala, mpaka Silvio alipofumbua macho sawasawa akaomba wali.

Mahurunga nako walizika. Mjomba Bernardo aliagiza sahani ya ukingo wa bluu ichimbiwe shimo nyuma ya nyumba, wanaume wakatupia udongo, sala ikasomwa. Celia hakualikwa. Mtoto alipopata nguvu, Dercio alimrudisha kumbini kama sheria ilivyotaka, akamalize na wenzake, safari hii na vidonge mfukoni ambavyo mkuu wa kumbi alijifanya hakuviona.

Lakini hofu ilikuwa haijaisha. Ilikuwa imebadilisha nguo tu. Hawa ndiye aliyemletea. "Wanasema mtoto asiye na mama anapelekwa kwa mjomba mkubwa," alimwambia, akikwepa kumtazama. "Yule wa ng'ambo, Msumbiji. Atalima huko na kuoa huko." Celia alikuwa akimjua mjomba yule. Watoto waliopelekwa kwake walikuwa hawarudi hata kusalimia.

Siku ya kutoka wari kijiji kizima kilijaa uwanjani. Ngoma zililia, wari wakaletwa wamefunikwa miavuli, mashati mapya, macho chini kama walivyofundishwa. Kina mama walisimama mstari wa mbele na kanga za kuwatandikia njiani. Celia alisimama nyuma kabisa, kwenye mikorosho, kwa sababu maiti hana mstari. Watu walimpita kama upepo. Hawa aliitwa, akamtandikia mwanawe, akalia, akacheza.

Kisha Mjomba Bernardo akamsimamisha Silvio katikati ya uwanja. Alikuwa amekonda, kovu juu ya jicho limekuwa kubwa usoni.

"Huyu hana mama," mzee alisema, na ngoma zikanyamaza. "Mama yake tulimzika. Nani anamchukua?"

Kutoka upande wa wanaume mtu mmoja mrefu alikohoa akaanza kusogea mbele. Alikuwa mjomba wa ng'ambo. Celia alifungua mdomo. Akaufunga. Aliyekufa akisema uwanjani mbele ya wari, ameharibu kumbi nzima, na Hawa angekuwa wa kwanza kumlaani. Alishika tawi la mkorosho kwa mikono miwili.

Mjomba Bernardo aliinua mkongojo, mtu mrefu akasimama.

"Sijamaliza," alisema. Alitazama juu ya vichwa vya watu, moja kwa moja mpaka kwenye mikorosho. "Marehemu alikuwa na mdogo wake wa kike. Yupo?"

Kila mtu pale alijua kwamba Laurinda, mama yake Celia, alizaa mtoto wa kike mmoja tu. Kila mtu alitazama chini, na hakuna aliyesema hapana.

"Nipo," Celia alisema, kwa sauti isiyokuwa yake.

"Basi njoo umchukue mtoto wa dada yako."

Alitembea katikati ya watu, akavua kanga yake mwenyewe kiunoni akaitandika, na Silvio akaikanyaga akaja mpaka mbele yake. Aliinua macho. Yalijaa machozi, lakini alikuwa amefundishwa na alikuwa mwanamume sasa.

"Shikamoo, mama mdogo," alisema.

"Marahaba, baba," Celia akajibu.

Siku hizi wanaishi Ufukoni kama zamani. Toleo la pili limetoka. Mwari wa Kovu hayumo, Celia alimkataa, na Frank hakuuliza sababu. Mtoto anakwenda shule, anakula kama nzige, na mbele ya watu na hata wakiwa wawili humwita mama mdogo bila kukosea. Isipokuwa akishikwa na homa, au akiota vibaya. Hapo huita "Mama! Mama!" kwa sauti ile ya udogo wake. Celia hukimbia akasimama mlangoni pa chumba, mkono umeziba mdomo, na haitiki. Anaogopa kitakachosikia kwamba yupo. Husubiri pale mpaka mtoto azinduke, amtambue, ajisahihishe, ndipo anapoingia.